Uwatu Hauna Makosa

Januari hii, wakati wa karo, binti ya shangazi yangu alinipigia simu akasema ana kazi ndogo ya dakika tano. Anauza unga wa mitishamba hapa Ukunda, kwenye makopo meupe, shilingi 800 kopo. Ni unga wa kukuza matiti, ingawa kwenye kopo ameandika "kifua" kwa adabu. Wateja anawapata kwa simu na mzigo unapelekwa na boda mpaka Msambweni. Alitaka nimwandikie tangazo jipya. "Si wewe ndiye mwenye Kiswahili chako?" akaniambia. "Nataka mambo matatu tu yaonekane: ni asilia, unafanya kazi, hauna madhara."

Nikakubali, manake huyu ni dada yangu, na unga huo ndio unaosomesha watoto wake wawili. Neno la kwanza likaja bila taabu. La pili na la tatu yakanikwama.

Hebu fikiria. Pilipili inawasha kwa sababu ina nguvu. Moto unaivisha wali, na moto huohuo unaunguza. Kitu kinachoweza kuuamrisha mwili wa mwanamke mzima uongeze nyama mahali ulipokwisha kuacha kuongeza, hakiwezi kuwa kitu kipole. Basi ama unga una nguvu hiyo, na hapo tuanze kuuliza unagusa nini kingine mwilini. Ama hauna, na hapo dada anauza uji wa bei ghali. Tangazo lilitaka yote mawili kwa pamoja. Nadhani ndiyo maana neno "asilia" hutangulizwa kila mara. Likishasemwa, mtu haoni tena haja ya kuuliza.

Nikamuuliza ndani mna nini. Uwatu zaidi, akasema, na shamari, na soya kidogo ya kulainisha.

Uwatu kwetu si habari mpya. Mzazi akiwa kwenye arobaini yake anakandwa kwa maji moto, anapewa uji wa pilipili manga, na uwatu nao unaingia ili maziwa yatoke. Ukiula kwa wingi jasho linabadilika harufu, likawa tamutamu kama sukari iliyoungua. Nyanya yangu alikuwa akicheka, akisema mzazi hajifichi, kwapa litamtaja. Lakini sijawahi kumsikia nyanya, wala mzee mwingine wa kike, akimwambia msichana ambaye hajazaa anywe uwatu ili aonekane. Kwenye kopo la dada, chini ya picha ya ua, pameandikwa: "Siri ya mabibi wa Pwani."

Tuwe wa haki kwa uwatu wenyewe. Yanayosemwa juu yake si hadithi tupu. Mimea mingi ina kemikali zinazofanana kwa umbo na estrojeni, homoni inayoanzisha matiti ya msichana anapobaleghe. Kemikali hizo huitwa fitoestrojeni, na soya ni maarufu kwa kuwa nazo. Zikifika mwilini zinaweza kuingia kwenye vipokezi vya estrojeni, kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kitasa chako lakini hauzunguki vizuri. Ni dhaifu mno ukizilinganisha na homoni yetu wenyewe. Tena matiti hayaoti kwa estrojeni peke yake. Balehe huja na homoni kadhaa kwa mpigo, ikiwemo ile ya ukuaji, na ikishapita, ukubwa hutegemea zaidi urithi, unene, ujauzito na umri. Hakuna jaribio la kitabibu la kuaminika lililoonyesha kwamba mtu mzima akinywa uwatu, shamari au soya, matiti yake yanakua.

Simaanishi mimea ni mchezo. Katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko, kwa kutumia kemikali iliyomo ndani yake iitwayo diosgenini. Mwaka 1951, katika maabara ya kampuni ya Syntex hukohuko Meksiko, ikapatikana mojawapo ya homoni zilizokuja kutumika kwenye vidonge vya mwanzo vya kupanga uzazi. Diosgenini hiyohiyo imo kwenye uwatu. Ila tumbo letu si maabara: mwili wa binadamu hauwezi kuigeuza kuwa homoni. Kati ya kiazi na kidonge palikuwa na hatua nyingi za kemia, na vipimo, na watu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Na mwaka 1946, Australia Magharibi, wataalamu wa mifugo waliandika kuhusu kondoo walioshindwa kuzaa. Walikuwa wakilishwa klova, majani ya kawaida ya malishoni, ambayo baadaye yalijulikana kuwa na fitoestrojeni nyingi. Hawakula sumu ya kiwandani. Walikula majani, asilia kabisa, kila siku, kwa wingi. Mtu asikuambie kwamba kilichoota ardhini hakiwezi kukudhuru.

Hapo nikadhani nimepata jibu rahisi: kwamba hamu yenyewe ndiyo mbovu, imeletwa na simu zetu na maisha ya Diani, na dada anavuna tu kilichopandwa na wengine. Kumbe hamu ni ya zamani. Mwaka 2005 Ruth Kutalek na Afework Kassa walichapisha katika Journal of Ethnobiology utafiti kuhusu wasichana wa Afrika Mashariki, kutoka Tanzania mpaka Ethiopia, wanaokamata wadudu wa majini, wakiwemo wale weusi wanaozungukazunguka juu ya maji kama wamelewa, wakawaweka kwenye chuchu wang'ate, ili matiti yaote. Na ajabu ni kwamba baadhi ya wadudu wa majini hutoa steroidi kwenye tezi zao za kujikinga. Kwamba kuumwa huko kunakuza kitu, hilo ni jambo jingine. Lakini wasichana wa mtoni hawakungoja TikTok iwaambie watamani.

Kwa hiyo sitamhukumu anayetamani. Mwili ni wake. Wanaume wananyanyua vyuma na hakuna anayewaandikia insha. Ila naona tofauti kati ya wateja wa dada na wale wasichana. Msichana wa mtoni anataka kufika kule ambako dada zake wamefika. Anaharakisha safari ambayo angeifika hata hivyo. Mteja wa kopo, mara nyingi, ni mtu mzima aliyekwisha kufika, kisha akaambiwa hajafika. Na anayemwambia hivyo ndiye anayemuuzia nauli.

Nilimweleza dada haya yote. Hakukasirika, alinijibu kwa hoja, na hoja zake hazikuwa za kijinga.

"Sidiria za sponji zimejaa sokoni," akasema. "Mbona hizo hamziandikii? Si uongo pia?"

Nikafikiri usiku mzima. Asubuhi nikamwambia: anayenunua sidiria ya sponji anajua ndani mna sponji. Kama kuna anayedanganywa ni mtazamaji, na mtazamaji hana haki ya kujua kilichomo nguoni mwa mtu. Kwenye kopo, anayedanganywa ni mnunuzi mwenyewe.

"Lakini wanaridhika. Kuna mmoja Kinondo amenunua mara tatu."

"Na wale wasiorudi?"

Akanyamaza. Hili ndilo lililonielemea kuliko mambo ya homoni. Ukiuziwa samaki aliyeoza utarudi sokoni ukapige kelele mpaka watu wajae. Nani atarudi barabarani, mchana kweupe, kulalamika kwamba matiti yake hayajakua? Aibu ya mteja ndiyo bima ya muuzaji. Biashara ambayo mteja hawezi kulalamika bila kujivua nguo mbele za watu inahitaji uaminifu mkubwa kuliko biashara nyingine, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachomlinda. Na kama ndani ya kopo mtu wa jumla, huko dada anakonunua, amechanganya dawa ya kiwandani ili "ufanye kazi", aibu hiyohiyo itamzuia mteja kumwambia daktari amekunywa nini. Katika nchi ambayo saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa kwa wanawake kuliko saratani nyingine zote, kumfundisha mwanamke kuwa na siri juu ya matiti yake si jambo dogo.

Halafu kuna wale mabibi wa kwenye kopo. Hapa Kwale elimu ya mimea ina wenyewe. Nenda Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, utaoneshwa miti na kuambiwa huu wa nini na ule wa nini. Lakini utaambiwa pia usichukue kitu, hata jani. Elimu ile ina masharti, na ina mtu. Mzee akikupa mzizi ukadhurika, nyumba yake unaijua, na yeye anajua kwenu. Kopo halina nyumba. Limechukua heshima ya wazee na kuacha dhamana yao. Na msichana atakayegundua kwamba "siri ya mabibi" ni maneno matupu hatamdharau dada, atawadharau mabibi, pamoja na mwarobaini wao na yote mengine waliyokuwa na haki nayo.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, badala ya kunijibu, akanipa simu yake. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi ile na hakuwa ameujibu.

"Dada mambo. Niko na miaka 14. Nikinywa mara tatu kwa siku si itafanya haraka?"

"Mjibu wewe," akasema. "Mimi nimeshindwa tangu saa mbili."

Nikaandika kwamba miaka 14 mwili bado haujamaliza kazi yake, kwamba asinywe, na pesa zake asitume. Jibu likaja mara moja: "Lakini darasani wananicheka."

Wallahi sikuwa na la kusema. Yote niliyoyasoma, kondoo, viazi, wadudu, hayakugusa hilo. Nikamuuliza wanaomcheka ni kina nani. Akaniambia. Tukaandikiana mpaka adhana ya magharibi, mimi na mtoto nisiyemjua, kuhusu msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma yake.

Tangazo niliandika siku ile ile, na dada akalikubali: "Uwatu safi uliosagwa, na shamari na soya. Wa uji. Shilingi 200." Mabibi tukawaondoa.

Ameuza makopo manne. Mengine yako chini ya kitanda, na muhula wa pili unakaribia. Hili nalo sina budi kulisema, kwa sababu wanaoandika insha kuhusu ukweli hupenda kuliruka: ukweli wangu ulinichukua jioni mbili, na yeye umemchukulia karo. Nimechanga nilichoweza. Hakitoshi, na sote wawili tunajua. Juzi amenipigia tena, akaniuliza kama najua kuandika tangazo la achari.