Kujifunza Kutengeneza Hashishi: Je, Ilimu Hii Yafaa?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu tumeulizwa swali ambalo si vema kulijibu kwa maneno mawili matatu, kwa kuwa vijana wengi wanalo moyoni hata kama hawaulizi. Muulizaji ni kijana wa pwani afanyaye kazi Bungoma. Asema kwamba katika baadhi ya majimbo ya Marekani, ambako sheria imeruhusu bangi, wako wakulima wawaalikao watu mashambani mwao, wakalipa ada, wakafundishwa kwa mikono yao wenyewe namna ya kuitoa hashishi katika bangi. Wakulima hao hujisifu kwamba kilimo chao hakiharibu ardhi: hawatii dawa za sumu, hawapotezi maji, na takataka zote huzigeuza mbolea. Binamu yake aliyeko huko amwalika, gharama zote juu yake, ili arudi na ufundi huo mapema, sheria ya Kenya ikifunguka awe tayari. Naye auliza: nikihudhuria kwa kutaka kujua tu, nisivute wala nisiuze, nina makosa gani?

Yapasa kwanza tujue jambo lenyewe. Bangi ina vijinywele vidogo sana vyenye utomvu, na katika utomvu huo ndiyo mna nguvu ya kulevya. Mwenye kutengeneza hashishi huutenga utomvu huo na majani, kisha huukandamiza mpaka ukashikana. Basi hashishi si mmea kama ulivyoota, bali ni ulevi uliokusanywa pamoja na kuzidishwa nguvu kwa kazi ya mkono. Matabibu wa leo wasema kwamba atumiaye sana bangi kali tangu ujana wake huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na wazimu.

Ama sheria ya nchi, iko wazi. Sheria ya mwaka 1994 ya kuzuia dawa za kulevya yakataza kulima, kuwa nayo na kuuza. Ni kweli kwamba watu wataka ibadilishwe. Mwaka 2021 Marastafari walikwenda Mahakama Kuu kudai ruhusa, na mwaka 2022 Bwana George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kwamba bangi itailipia Kenya madeni yake, akapata kura 61,969, ambazo hazifiki hata nusu ya moja katika mia. Huenda sheria ikabadilika, huenda isibadilike. Lakini Mwislamu hangojei bunge kujua halali na haramu. Mwaka 2010 serikali ilikiondolea chang'aa marufuku yake. Je, ni nani katika wanazuoni aliyesema kwamba tangu siku hiyo chang'aa imekuwa halali?

Wako wasemao kwamba Qur'ani haikuitaja bangi. Maneno haya si mapya. Hashishi ilipoenea Misri na Sham, watu walisema vivyo hivyo kwamba Maimamu wanne hawakuitaja. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwajibu kwamba kila kileweshacho kimo ndani ya katazo la ulevi, kiwe cha kunywewa au cha kuliwa. Na az-Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki Misri mwaka 1392, aliandika kitabu kizima kueleza uharamu wake.

Kijana atasema: "Nimekubali kwamba kuivuta ni haramu. Lakini mimi najifunza tu. Na ninyi wenyewe mwatufundisha kwamba mmea huu si najisi, basi kuushika kwadhuru nini?" Ni kweli kwamba wanazuoni wetu wameuhesabu kuwa tohara. Walakini sumu pia si najisi. Kitu kuwa safi kwa kugusa hakukifanyi kuwa halali kwa kila kazi.

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika jambo la ulevi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Katika upokezi wa Anas, mkamuaji ndiye aliyetajwa wa kwanza, kabla ya mnywaji. Ewe ndugu msomaji, litazame vizuri jambo hili. Mkamua zabibu, wakati ule akamuapo, mbele yake hapana ulevi bado. Pana maji matamu ambayo hata mtoto aruhusiwa kuyanywa. Hata hivyo amelaaniwa, kwa sababu mkono wake umejua uendako. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye kukamua kitu ambacho bado ni halali, itakuwaje kwa mwenye kukamua kitu ambacho chalevya saa ile ile kitokapo mkononi mwake?

Wala hatusemi kwamba kujua ni haramu. Tabibu hujua sumu ili atibu, na kadhi hujua hila za wezi ili ahukumu. Wanazuoni wetu wameruhusu mgonjwa wa kukatwa kiungo kilichooza apewe mmea wa kumwondolea fahamu, na mfamasia ajifunzaye kutoa dawa ya kweli kwa wagonjwa hayumo katika maneno yetu haya. Moroko, nchi ya Kiislamu ambayo milima yake ya Rif ni mashuhuri kwa hashishi, ilitunga sheria mwaka 2021 kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda tu, si kwa starehe. Lakini mafunzo aliyoalikwa ndugu yetu hayatibu mtu. Hutoa hashishi ya kuvutwa. Tena ujuzi wa mkono si kama ujuzi wa kitabu. Mkono ukishafundishwa hutaka kazi, na dhiki ikija hukumbuka kile ukiwezacho. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametueleza khabari za watu walioujia uchawi Babili. Hawakulaumiwa kwa kutenda tu, bali pia kwa kuchagua kujifunza jambo lenye kuwadhuru, lisilowafaa kitu.

Ama kuitunza ardhi, hilo ni jambo jema, nasi twaamrishwa. Lakini wema wa udongo hauhamii katika mavuno. Mtu akilima kwa mbolea safi kitu cha kuharibu akili, ameuhifadhi mchanga akampoteza mwanadamu, naye mwanadamu ndiye aliyeumbiwa ardhi.

Sasa tumtazame mkulima wa Kitale na Bungoma. Ardhi yake ndiyo ghala ya mahindi ya Kenya, na bado hutokea akavuna magunia tele yasirudishe gharama ya mbolea. Ndiyo maana pande za Mlima Elgon wako wafichao bangi katikati ya mahindi. Hatuidharau dhiki yao. Fiqhi yetu nayo haimbani bure: auzaye mahindi sokoni bila kujua kama mnunuzi atapika ugali au busaa, hana lawama, bali ajuaye kwa yakini kwamba yaenda kwenye ulevi, huyo amekatazwa kuuza. Lakini hashishi haina ugali wa kusingizia. Na bangi ya bara hushuka kwa mabasi na malori mpaka Mombasa na Malindi, ikawafikia watoto wetu wenyewe.

Nasi wazee na matajiri wa pwani tusijione tumeokoka. Twamwambia kijana "haramu, haramu", kisha hatumwonyeshi halali ilipo. Fedha za kupamba arusi zapatikana. Za kumsomesha kijana ufundi hazipatikani. Basi tusistaajabu akimwitikia wa kwanza amwitaye. Huko huko Kitale, tangu mwaka 1984, kiko chuo cha kilimo cha Manor House, kifundishacho kwa mikono kulima vizuri katika ardhi ndogo kwa mboji na bila ya dawa za sumu. Ufundi wa shamba anaousifia binamu yake uko karibu naye, bila ya ulevi.

Kwa hivyo jibu letu ni hili: asiende. Na sisi tuliomwambia asiende, ni juu yetu kumsaidia aendako kwema. Tusipofanya hivyo, fatwa yetu imebaki nusu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aihifadhi mikono ya vijana wetu, na aifungue mikono yetu. Wallahu aalam.