Magongo Kwenye Makambi

Soma Matendo 3:1–10. Vifundo vya kiwete yule vilipata nguvu mara moja, akarukaruka. Sasa mfikirie mkulima wa viazi wa Njombe aliyekatika kano ya kisigino, akashonwa. Kano haina damu nyingi, hivyo hupona polepole: wiki kadhaa za plasta, kisha magongo, kisha kujifunza upya kukanyaga. Huenda mwaka ukapita. Anafika Makambako kwenye makambi, na ndugu mmoja anamsihi mbele ya washiriki atupe magongo, awe ushuhuda.

Je, akikataa, amepungukiwa imani? Kano ikilemewa mapema huweza kukatika tena, na atakayerudi chumba cha upasuaji si yule anayemsihi. Mara nyingi anayedai muujiza wa haraka ni mtazamaji.

Tena Petro hakuishia kumwamuru kiwete. Alimshika mkono wa kuume, akamwinua. Mkulima huyu naye anahitaji mkono: wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wa jirani mwenye jembe. Viazi vyake vinangoja palizi. Ni nani hapo makambini aliyemuuliza habari za shamba?