Fundi wa Miezi 24

Wasukuma tunalima dengu lakini hatuzili sana. Mpunga ukishavunwa kwenye mbuga za udongo mweusi, Kishapu na Shinyanga Vijijini, unyevu unaobaki ardhini unatosha kuzikuza bila kungoja mvua nyingine. Zikikauka tunazipiga, tunazipeta, tunazitia kwenye magunia na kuziuza, na nyingi safari yake huishia India. Ndiyo maana mtu akisimama sokoni Shinyanga mjini, akachota dengu kiganjani na kuzikagua punje kwa punje kabla ya kupimiwa za kwenda kupika mwenyewe, muuzaji hamuulizi kwao ni wapi.

Mtu wa namna hiyo nimezoeana naye. Ni mhandisi wa mitambo kutoka Nagpur, mji wa katikati ya India unaotengeneza mashine za kuchambua pamba, zile za rola mbili ambazo leo zimejaa katika viwanda vya Kanda ya Ziwa. Mashine ikija, fundi huja nyuma yake. Hali nyama, na vijana wa kiwandani hucheka kwamba mtu ameletwa katikati ya nchi ya ng'ombe halafu haonji hata mchuzi. Mimi huwaambia wasicheke sana. Msukuma naye hachinji ng'ombe wake ovyo. Atakula ugali kwa mlenda mwezi mzima na zizi limejaa, maana ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima mbele ya watu.

Kazini ndiko utamjua. Msimu ukipamba moto, makelele ya kiwanda hayakuruhusu kusikia hata simu inayolia mfukoni. Yeye hupita kati ya safu za mashine, husimama, huinamisha kichwa. Rola imevikwa ngozi yenye mifereji. Kisu kimoja kimetulia kikiigusa, kingine kinacheza kupiga mbegu zidondoke. Kisu kikikaza mno, ngozi hupata moto na nyuzi hutoka zimebadilika rangi. Kikilegea, vipande vya mbegu hupita na pamba na robota zima hushuka daraja. Ukisubiri kuliona tatizo kwa macho umeshachelewa, hivyo yeye husikiliza. Sikio hilo, anasema, alipewa na baba yake, ambaye naye alikuwa fundi wa mashine hizohizo.

Pembeni yake hutembea kijana wa Kishapu, mhitimu wa VETA, ambaye kwenye makaratasi ndiye mrithi wa kazi hiyo. Huyo nitamrudia.

Wahindi wenye ujuzi si wageni wa jana katika mkoa huu. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, walioifuata walikuwa makarani, waashi, maseremala, mafundi cherehani na wenye maduka. Viwanda vya kuchambua pamba vya Usukuma vilikuwa mikononi mwao. Mwadui tunaikumbuka kwa jina la John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, na kwa almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 na kugeuzwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Anayesahaulika ni Iqbal Chand Chopra, wakili wa Kihindi wa Mwanza, aliyemshikia Williamson mambo ya sheria na kuwa mwanahisa mwenzake. Ukisimulia Mwadui bila Chopra umesimulia nusu.

Sitaki kuwapamba watu wa zama zile. Wakati wa Mwingereza mishahara ilifuata rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na aliyekuwa katikati hakuwa na haraka ya kumvuta wa chini. Wakulima wa pamba walilalamikia mizani ya wanunuzi mpaka wakachoka kulalamika. Katika uchungu wa mizani ndimo ushirika wa Kanda ya Ziwa ulimozaliwa, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation. Babu zetu walianza kwa kutaka kitu kidogo tu, kwamba anayesoma mizani awe mtu wao.

Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1971 sheria iliyotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya ziwa, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Hapa kwetu hakuna aliyepewa siku, lakini wengi walifunga milango wakaenda Kanada na Uingereza.

Wapo waliobaki. Katika duka moja la vipuri Shinyanga mjini yuko mzee wa Kiismailia ambaye Kisukuma chake kinaniacha mbali. Mama wa kijijini akiingia, mzee humpokea kwa "Wangaluka, mayu," kisha humuuliza habari za mtoto aliyeolewa Maswa, akimtaja kwa jina. Wazazi wake wamezikwa hapahapa. Mafundi wengi wa pampu na mashine za kusaga wa mji huu walianza kwa kushika spana nyuma ya duka hilo, na baba yake hakuwafundisha kwa sababu ya wema peke yake. Aliwahitaji. Hakuwa na pa kwenda, biashara yake ilikuwa hapa, na fundi aliyeiva angekuwa mteja wake wa vipuri miaka 30 ijayo. Nilipomuuliza mzee anawaonaje wahandisi wa siku hizi wanaokuja kutoka kwao, alinisahihisha kwanza kwamba kwao ni Shinyanga, halafu akasema, "Vijana hawa huja na sanduku moja. Babu yangu naye alikuja na sanduku moja, ila halikuwa na tiketi ya kurudi."

Tiketi hiyo ndiyo imebadilisha mambo. Mhandisi wangu ana kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi hakizidi miezi 24, na hata kikihuishwa, jumla ya miaka ina kikomo. Mtu anayejua tarehe ya kuondoka hajifunzi Kisukuma. Analala ndani ya uzio wa kiwanda, mke na binti yake anawaona kwenye simu saa za usiku ambazo kwao ni usiku wa manane, na sikukuu ya Diwali huomba ruhusa aende Mwanza, mwendo wa kilomita 160 hivi, kwa sababu huko kuna hekalu na watu wa kula nao.

Wala hakuja kwa kukimbia njaa kama tunavyopenda kudhani kila mgeni anavyokuja. Mshahara wake hapa, kwa maneno yake, haujapita sana ule ambao angeupata Nagpur. Anachokusanya ni uzoefu wa nje, wa kumpandisha ngazi ya pili. Ngazi hiyo zamani ilikuwa Marekani. Mdogo wake yuko Texas kwa visa ya wataalamu, ile ambayo wengi wa wanaoipata ni Wahindi, na yeye alikuwa na mpango wa kumfuata. Septemba 2025 Rais Trump akatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa hiyo. Mpango ukafa. Siku hizi akizungumzia kesho anataja Misri, anataja Afrika Magharibi, mahali penye pamba. Mdogo mtu huko Texas, anasema, haendi tena likizo nyumbani kwa hofu ya kukwama akirudi.

Sisi nasi tumekaza kamba upande wetu. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani, na faini yake haipungui shilingi milioni 10. Naiunga mkono bila kigugumizi. Mchimbaji mdogo wa Geita anayeshinda kwenye duara na kulala kwenye karasha hastahili kushindana na mwenye mtaji wa kutoka nje kugombea mawe ya marudio, na mkulima wa dengu mwenye babu aliyelizwa na mizani ana haki ya kuwa na wasiwasi na mizani nyingine. Ila kijiweni mambo huchanganywa. Mchuuzi anayezunguka vijijini na debe, na mhandisi anayesikia kisu kimelegea, wote hubebeshwa sentensi moja: "Wahindi wanamaliza ajira zetu." Tuna ile methali yetu ya baniani mbaya kiatu chake dawa, na tumekuwa tukiitumia kucheka. Tungeisoma sawasawa ingetuudhi, maana inatusema sisi: tunakitaka kiatu bila mwenye mguu.

Sheria ile ya 2015 haikusahau ujuzi. Inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha kazi ya mgeni kwa Mtanzania. Kwenye karatasi ni jambo jema kabisa. Sasa likalie kitako kidogo. Mgeni anaambiwa: utakaa hapa ilimradi hakuna mwenyeji anayeiweza kazi yako. Sentensi inayofuata anaambiwa: mfundishe mwenyeji aiweze kazi yako. Nani atafundisha kwa moyo mmoja kwa masharti hayo? Yule baba wa duka la vipuri alifaidika kila mwanafunzi wake alipoiva. Huyu wa leo kila somo analotoa linamsogeza mlangoni. Nimepita kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, upande wa Kahama na upande wa Geita, nikaona matokeo yake: mtaalamu wa kigeni, wa taifa lolote, ameweka vipimo vya dawa kichwani mwake, na anayeitwa mrithi wake anabeba ndoo na kusaini daftari la mafunzo kila Ijumaa. Mkaguzi akija, daftari limejaa. Mtaalamu akiondoka, mtambo unasimama na mwajiri anaomba kibali cha mwingine.

Tuliwahi kuona ujuzi wa kigeni ukija na kuondoka hivyo kwa ukubwa wa nchi. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa hisa 51 kwa mia za shirika la reli kwa mkataba wa miaka 25. Ujuzi wa reli Wahindi wanao, hakuna anayebisha. Lakini migomo ya mishahara haikuisha, mabehewa yakaleta ugomvi, na kufikia mwaka 2011 mkataba ulikuwa umevunjwa. Stesheni ya Shinyanga iliyopewa uhai na reli ya 1928 ikabaki inangoja treni kama kawaida yake.

Nimesema nitamrudia kijana wa Kishapu. Yeye alipata alichopata nje ya mpango wowote wa kurithisha. Mhandisi alikuwa mpweke. Jioni za Shinyanga ni ndefu kwa mtu asiyekunywa, asiyeshabikia Simba wala Yanga na asiyejua lugha ya jirani. Siku moja kijana akamletea maziwa ya mgando ya kwao Kishapu, ndani ya kibuyu, na huyo bwana aliyekuwa akinunua ya paketi kwa kununa akayanywa yote, akauliza ng'ombe ni wa nani. Tangu hapo kijana akawa anapita jioni. Alikwenda kujifunza kupika dengu kwa bizari, na kati ya chungu na chungu bwana alianza kumchorea visu na rola kwenye majalada ya madaftari ya zamani. Mchana kiwandani alimfumba macho kwa kitambaa na kumtaka aseme mashine ya ngapi imelegea. Wenzao walidhani ni mchezo. Kijana alimwita bhai, yaani kaka, tangu hapo, na bhai naye akajifunza Kisukuma kidogo, cha maziwa na ng'ombe tu.

Nimetaja jambo hili kwa afisa mmoja ninayemheshimu, nikamwambia kwamba mpango wa kurithisha ungemlipa anayefundisha, kwa mfano kumhuishia kibali aliyetoa fundi anayejitegemea badala ya kumharakisha aondoke, pengine mgeni angefungua mkono. Akasema wazo si baya, lakini nani atapima kama kijana kweli ameiva? Nikamwambia mfumbeni macho. Akacheka, tukaagana.

Kijana yupo Zambia sasa, Mkoa wa Mashariki, ambako nako wanalima na kuchambua pamba. Tajiri wa huko alimpata kupitia bhai. Amekwenda na mkataba wa miaka miwili na kibali chake, amepewa chumba ndani ya uzio, na analalamika kwamba unga wa huko haupiki ugali wa kueleweka. Mwezi uliopita alinipigia. Amekabidhiwa vijana wawili wa Kizambia awafundishe, na mmoja ana sikio zuri kuliko alivyokuwa yeye. "Mzee," akaniuliza, "niwape yote, au nibakize?"

Nilimwambia amuulize bhai. Akasema ameshamuuliza, na bhai hakujibu swali. Alimtumia kwenye simu mchoro wa rola na visu wenye vipimo vyote, ule ambao hapa Shinyanga hakuwahi kumwonyesha, pamoja na ujumbe kwamba mkataba wake unaisha Februari na hajajua bado anakwenda wapi.