Kizuizi Barabarani na Uhuru wa Mtu

Sisi tunaokaa Njoro twaijua vizuri barabara ya Himo. Atokaye Moshi kwenda Holili hupita Himo kwanza, na wengi wetu hatuna haja ya kufika mpakani kabisa. Twaenda sokoni, mazishini, au kwa wajomba. Hata hivyo wazee wetu wanakumbuka miaka ile mpaka wa Kenya ulipofungwa, tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983: abiria walishushwa kwenye basi, mama akafungua kikapu, akaulizwa sukari hii ni ya nani. Hakuvuka mpaka wowote. Alikuwa akienda kumtazama mzazi wake.

Je, ni haki kumsimamisha mtu asiyeshukiwa neno lolote?

Tusiseme upesi kwamba ni dhuluma. Magendo ya kahawa na sukari hayakuwa hadithi. Kahawa iliyovushwa usiku kwenda Taveta ilipunguza fedha za kigeni za kununulia dawa na mafuta ya taifa zima, na pengine aliyeivusha alikuwa mwenzetu aliyetoa sadaka Jumapili. Ndiyo maana wengi waliipokea kwa furaha vita ya mwaka 1983 juu ya walanguzi na wahujumu uchumi. Lakini sheria ya mwaka huo iliwanyima washtakiwa dhamana na wakili, na mwaka uliofuata ikabidi itungwe nyingine badala yake. Haraka ya kumshika mwovu ilikuwa imemsahau asiye na hatia.

Tena mpaka wenyewe, walioanza kuuchora Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, ulipita katikati ya jamaa. Na mtu wa magendo hasa hakupita barabarani. Alizijua njia za panya. Kizuizi kilimkuta mwenye kikapu.

Tangu marekebisho ya mwaka 1984, Katiba yetu katika ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda kokote nchini, ingawa sheria yaweza kuiwekea haki hiyo mipaka kwa manufaa ya wote. Hapo ndipo penye kazi, kwa maana kila kizuizi husema kipo kwa manufaa ya wote.

Katika Luka sura ya tatu, watoza ushuru na askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaamuru waache kazi. Aliwakataza kutoza kupita kiasi na kuwaonea watu. Sisi twaona hapo pana kipimo: askari aseme anatafuta nini, atazame, kisha amwache mtu aende zake. Anayemchelewesha mama mpaka atoe kitu halindi tena mpaka. Nasi tunaotia shilingi mkononi mwake ili tupite upesi (tukubali, tumefanya) twamfanya aliye nyuma yetu, asiye na kitu, alipe kwa kungoja juani.

Katika mtaa wetu wapo askari, na wapo wanaofanya biashara na Taveta. Tungependa wakae benchi moja baada ya ibada, watueleze jinsi wanavyoonana pale barabarani.