Ukimya wa Septemba

Nyangumi hana masikio ya nje, na baadhi yao tundu lenyewe limezibwa na nta. Niliposoma hivyo niliwaonea wivu; chumba ninachoandikia tasnifu kimepakana na baa. Wivu wa kijinga. Kwa wenye meno, sauti hupita kwenye mafuta ya taya la chini hadi kwenye mfupa mzito wa sikio. Mimi nitaziba masikio kwa vidole. Yeye azibe nini, taya?

Nyangumi wa Ghuba ya Fundy, Kanada, hawana meno, ila husikia vizuri ngurumo nzito, zilezile za injini za meli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, meli zilipungua ghubani. Watafiti waliopima vinyesi vyao walikuta homoni za msongo zimeshuka. Nafuu ile ililetwa na msiba wetu. Hakuna aliyeamua kuwapa.

Rafiki yangu wa sheria anasema asiyekusudia hana deni. Sawa, lakini utafiti ulichapishwa 2012. Tangu hapo tunajua.

Muziki wa baa umeanza. Navaa hedifoni nilizonunua Kariakoo, zilizokuja kwa meli kama karibu kila kitu pale.