Haki ya Raia Hutoka Wapi?

Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776 lilijibu swali la asili ya haki kwa kumtaja Muumba: yeye ndiye aliyewapa watu haki zao, na kazi ya serikali ni kuzilinda. Katiba ya 1787 ilianza na wananchi wenyewe, na marekebisho 10 ya kwanza, yenye orodha ya haki, yakaidhinishwa 1791. Watumwa hawakupewa haki hizo. Muumba aliwekewa mipaka na walewale waliomtaja.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutoka Himo kupanda Marangu, jibu la kale la Wachagga kwa swali hilohilo lilikuwa mila. Haki ya mtu ilionekana kwenye kihamba, yaani shamba la familia: migomba, makaburi ya wazee, baadaye kahawa, na mpaka uliooteshwa masale, mmea ambao Mchagga haung'oi ovyo kwa kuwa ndio huohuo unaotumika kuombea msamaha. Kihamba kilikuwa cha ukoo, cha waliokufa na watakaozaliwa. Kwa hiyo mtu alikuwa na haki kwa sababu ana ukoo, na binti, aliyetazamiwa kuolewa kwingine, alibaki pembeni.

Mamlaka ya kimila nayo yalihojiwa mapema. Thomas Marealle wa Marangu alisimikwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga, mwaka 1952 baada ya kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 1960 kura ya maoni ikataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda, na Solomon Eliufoo akawa rais wa Wachagga.

Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila sura ya haki katika Katiba. Serikali ya Nyerere ilihofia kwamba majaji, wengi wao wageni, wangeitumia kuzuia mabadiliko. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania 1984, lakini mahakama zikazuiwa kuzitekeleza hadi Machi 1988.

Ibara ya 12 ya Katiba hiyo inatamka kwamba watu huzaliwa huru na sawa, lakini haisemi nani kawapa uhuru huo. Katiba ya Kenya ya 2010, kinyume chake, inaanza kwa kukiri ukuu wa Mungu. Ukimya wa Tanzania si ukafiri: Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ili Mwislamu, Mkristo na asiye na dini waidai haki ileile, kila mmoja kwa imani yake. Na kama mtu huzaliwa nayo, basi haki ilikuwapo hata kabla ya 1988. Kilichokosekana ni mahali pa kuidai.

Mahali hapo palipopatikana, mila iliguswa upesi. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia. Mila ilimkataza kuuza. Katiba, akasema jaji, inamruhusu kama inavyomruhusu mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za mila za urithi zilizoandikwa 1963 zinabagua wanawake, kisha ikakataa kuzifuta.