Mwalimu wa Mchezo

Mzee mmoja wa Handeni alinijia na shauri. Mwanawe asoma sekondari Korogwe, na mwalimu wao awafunza kuigiza Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliochapwa mwaka 1969. Akaniuliza: "Sheikh, kijana akijifanya mtu mwengine, huo si uongo?"

Ndugu msomaji, suali hili ni zuri. Uongo ni kumfanya mwenzio asadiki jambo ambalo wewe wajua si kweli. Mwigizaji hamdanganyi mtu: watazamaji wajua kuwa ni mchezo.

Tena mchezo huu una funzo zito. Kinjeketile wa Ngarambe aliwaambia watu kuwa maji yatawakinga na risasi. Wakaingia vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakafa kwa maelfu. Kijana atakayeyatamka maneno yake mbele za watu ataonja uzito wa neno likishatoka kinywani. Mwalimu aliyemwonjesha hilo amemfunza adabu ya ulimi.

Mchezo wa kuogopwa ni mwengine: wa mtu avaaye uso wa ucha Mungu ili asifiwe, na watazamaji wake hawajui kuwa aigiza. Hiyo ndiyo riya, nasi walimu ndio tulio karibu nayo.

Nilimwambia mzee: mwache aigize, ashike heshima yake, na akirudi muulize alilojifunza. Usiku ule nikajiuliza mwenyewe: miaka yote hii mbele ya wanafunzi, mangapi nimefunza, na mangapi nimeigiza?

Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu. Amin.